Jibu kwa mzazi anayeogopa kumtazama mwanawe jukwaani

Mzazi mwenzangu wa Tanga, assalamu alaykum. Umeeleza kwamba kijana wako wa darasa la saba amepewa nafasi katika ngonjera ya mahafali, kwamba yeye analala usingizi mzuri ilhali wewe ndiye unayekesha, na umeuliza kama ni bora ubaki nyumbani ili hofu yako isije ikamharibia shughuli. Jibu langu ni kwamba uende, tena ufike mapema, lakini uende ukiwa umeyajua maneno yake na umechagua vizuri pa kukaa.

Mimi ni mama wa Unguja na binti yangu hupiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Alianza kujifunza akiwa mdogo katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho kimekuwa kikifundisha taarabu na muziki mwingine wa mwambao hapa Mji Mkongwe tangu 2002, na katika miaka yote hiyo nimemtazama akipiga mbele ya wazazi wa wanafunzi wenzake, katika harusi za jamaa na hata katika uwanja wa wazi wa Ngome Kongwe. Hofu haijaniacha, ila imebadilika. Zamani niliogopa kila kitu kwa pamoja, nisijue hasa ninachokiogopa. Siku hizi najua ni mahali gani katika wimbo panaponitia wasiwasi, na papitapo hapo moyo hutulia nikaanza kusikiliza kama watu wengine.

Mtoto aliyeko jukwaani ana kazi mikononi mwake na kazi hiyo humshughulisha, lakini mzazi aliyekaa kitini hana cha kufanya. Ndiyo maana mwanao analala nawe hulali, na wala usidhani kwamba yeye hajali. Mzazi akilijua jambo lenyewe japo kidogo, hupata naye kazi ya kufanya, yaani kusikiliza kwa makini, na hofu hukosa nafasi ya kutanda.

Nitakupa mfano wa usiku mmoja wa Ngome Kongwe. Kanuni huwekwa mapajani au juu ya meza ndogo, ina nyuzi zaidi ya 70, na kila sauti moja kwa kawaida ina nyuzi 3 ambazo sharti zilingane sawasawa. Mpigaji huvaa pete katika kidole cha shahada cha kila mkono, na ndani ya pete hiyo huchomeka kipande chembamba cha kudonolea nyuzi. Ni ala nzuri mno lakini ni ya taabu, hasa kwetu sisi tulio karibu na bahari, kwa sababu unyevu wa hewa huziharibu sauti hata kama zimepangwa nusu saa kabla. Usiku ule kikundi kilifungua kwa bashrafu, ambayo ni mpigo wa ala tupu bila mwimbaji, na baada yake binti yangu alitakiwa kupiga takasimu, yaani mpigo anaoubuni mpigaji papo hapo, akiwa peke yake, fidla na udi vikiwa vimenyamaza. Bashrafu ikiwa katikati nikasikia uzi mmoja umelegea. Nilikuwa nimemsikia akizipanga nyuzi zile nyumbani kila siku baada ya alasiri, kwa hiyo nililitambua kosa lile mara moja, na nikaushika mkoba wangu kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi.

Yeye hakuinua uso kumtafuta mwalimu wala kunitafuta mimi. Aliendelea kudonoa kwa mkono wa kulia, akauchukua ufunguo kwa mkono wa kushoto, akainama, akakaza kigingi kidogo tu, akaujaribu uzi ule chini ya kelele za fidla, akakaza tena, kisha akaurudisha ufunguo mahali pake na kuendelea kwa mikono miwili. Wifi yangu aliyekuwa kando yangu alidhani anaweka sawa mtandio. Takasimu ilipofika alianza taratibu katika nyuzi za chini, akapanda kidogo kidogo, na alipoufikia uzi ule aliupiga waziwazi bila kuukwepa. Watu walishangilia alipomaliza, na mimi nilifurahi kwa shangwe ile kama mama yeyote. Hata hivyo, fahari niliyo nayo mpaka leo inatokana na ile dakika ya ufunguo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia la kufanya. Nisingeliijua sauti ya uzi uliolegea, ingalinipita kama ilivyompita wifi yangu.

Sasa kuhusu ngonjera. Sanaa hii ya mashairi ya kujibizana ilienezwa sana na marehemu Mathias Mnyampala, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na ikakaa katika shule zetu hadi sasa, kwa hiyo huenda hata wewe uliwahi kusimama ukaighani. Ugumu wake ni kupokezana. Mtoto anaweza kuwa amezihifadhi beti zake barabara, kisha akababaika kwa sababu mwenzake ameruka mshororo na yeye hakuipata ile sauti aliyozoea kuingia nayo. Mwombe mwalimu nakala ya ngonjera nzima, nyumbani wewe usome sehemu za wenzake, na mara nyingine uruke mshororo kwa makusudi ili azoee kuingia hata njia ikiwa imekatika. Mfundishe pia kuegemea vina. Katika mashairi yetu mengi mshororo una mizani 16, yaani 8 na 8, na kina cha kati na cha mwisho hujirudia katika ubeti, kwa hiyo mtoto anayekijua kina anachokiendea hupata njia ya kurudi hata neno likimponyoka. Akifanya mazoezi ya namna hii nawe ukiwapo, siku ya mahafali utakuwa unaifuata ngonjera neno kwa neno, na hiyo ndiyo kazi itakayokutuliza.

Usimlazimishe kuighani kila akija mgeni. Najua ni furaha ya mzazi, na nyumbani kwetu shangazi zake walikuwa wakidai kanuni ifunuliwe kila wakija, lakini mtoto huchoka na jambo analolipenda likigeuzwa kuwa la kuonyeshea watu.

Kuhusu mahali pa kukaa, kaa pembeni, mstari wa tatu au wa nne, ambapo akitaka kukuona ataweza lakini macho yake yanapotazama mbele hayakukuti. Mzazi anayekaa mbele kabisa huku midomo yake ikitamka kila neno humvuta mtoto amtazame, na akimtazama huacha kuwasikiliza wenzake. Usiende nyuma ya jukwaa kumkumbusha jambo la mwisho. Walimu wana kazi yao, na neno la mwisho la mama ndilo litakalobaki kichwani mwake badala ya mshororo wa kwanza.

Umetaja pia kwamba baba yake mkubwa anaona michezo ya jukwaani ni upuuzi na kwamba unahofia maneno ya watu. Hilo nalifahamu kwa undani, kwa sababu mimi nina mtoto wa kike na mama yangu mzazi hakuupenda muziki katika nyumba yake. Nilimkumbusha Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mtoto wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na ambaye leo wazee walewale wanaoonya dhidi ya muziki humtaja kwa heshima. Hakukubali siku hiyo. Alikubali polepole, baada ya kumwona mjukuu wake akiketi kwa adabu, akiheshimu walimu wake na kurudi nyumbani kwa wakati. Mwalike baba mkubwa aje asikilize, usimbishie.

Halafu kuna suala la kutunza. Katika taarabu kumtunza mwimbaji ni sehemu ya shughuli yenyewe, na mtu huinuka akicheza taratibu hadi mbele na noti yake mkononi. Katika mahafali nako wazazi huwavisha watoto mashada na kuwapa fedha. Maoni yangu, na najua wengi hawatakubaliana nami, ni kwamba mzazi asiinuke kumtunza mwanawe wakati ngonjera inaendelea. Wenzake wamesimama naye mstari mmoja, wengine wazazi wao hawakuweza kuja au hawana cha kutoa, na ngonjera ni kazi ya wote. Subiri wamalize. Ukitaka kutoa, mkabidhi mwalimu fedha za soda za kundi zima, na shada umvishe mwanao mkiwa nje.

Simu mpe mtu mwingine arekodi. Ukirekodi wewe utaitazama picha ndogo mkononi na kuhangaika na mikono ya watu iliyoinuliwa mbele yako, na mwanao akikutazama hatauona uso wako.

Akishuka, usianze na kosa hata kama ulilisikia, kwa maana yeye alilisikia kabla yako. Wala usiseme tu kwamba alikuwa bora kuliko wote, kwani anajua kwamba mama husema hivyo siku zote. Mtajie jambo moja mahsusi ulilolisikia: namna alivyosubiri mwenzake amalize, au ubeti ule alioutamka polepole kuliko alivyouzoea. Mimi nilimwambia binti yangu kwamba niliuona ufunguo, akaanza mwenyewe kunieleza habari yote mpaka tukafika nyumbani. Na uwe na chakula tayari, kwani watoto wengi hawali chochote kabla ya kupanda jukwaani, na wakishuka huwa na njaa kali.