Ukitaka kufundisha ushairi wa Kilatini, noa sikio kwanza

Wengi wanaoutaka uhadhiri wa ushairi wa Kilatini hukimbilia nadharia, kumbe mshororo mmoja wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, unawashinda kuusoma kwa sauti. Wanafunzi watakugundua wiki ya kwanza.

Mizani ya Kilatini haiishii kuhesabu silabi. Hupima urefu wake. Heksameta, mizani ya Aeneid, utenzi mkuu wa Virgil, ina mapigo sita. Manne ya mwanzo, kila moja ni silabi ndefu na fupi mbili, au ndefu mbili. La tano karibu siku zote ni ndefu-fupi-fupi, na la sita lina silabi mbili. Chukua mshororo wa tatu wa Aeneid:

Litora, multum ille et terris iactatus et alto

Anza na irabu zinazomezwa. Neno likiishia kwa irabu, au irabu na m, na linalofuata likaanza kwa irabu au h, mwisho huo humezwa. Hapa unatamka mult' ill' et, na silabi 16 za kwenye karatasi zinabaki 14. Kisha rukia mwisho: -tatus et alto ni ndefu-fupi-fupi-ndefu-ndefu. Tano zimeondoka, zimebaki tisa za kugawa kwa mapigo manne. Nane zingetosha ndefu mbili mbili, kwa hiyo ni pigo moja tu lenye silabi tatu, nalo ni litora. Kazi imekwisha.

Wanaokosea hapa mara nyingi wamesoma i ya iactatus kama irabu, kumbe ni konsonanti. Qu ni konsonanti moja, x ni mbili, h haihesabiwi. Na usichanganye irabu ndefu na silabi ndefu: et ya kwanza ina irabu fupi, ila t mbili zinazofuatana zinairefusha silabi.

Soma mishororo kumi kwa siku, kwa sauti, miezi mitatu. Ovid, mshairi mwingine wa Kirumi, ni mwepesi zaidi, maana hupenda silabi fupi.

Sikio hilo ndilo litakalokusaidia kwenye utafiti. Chini ya ukurasa wa toleo la kitaaluma kuna tofauti za miswada ya kale, na neno lisiloingia kwenye mizani unalitilia shaka papo hapo. Jifunze pia kusoma Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano; kuongea si lazima. Kuhusu kamusi, Oxford Latin Dictionary inaishia takriban mwaka 200 BK, hivyo anayetafiti Prudentius, mshairi wa Kikristo aliyeandika baada ya hapo, asiitegemee peke yake. Kamusi kubwa ya Munich, Thesaurus Linguae Latinae, iliyoanza 1894, bado haijakamilika, na maelezo yake yameandikwa kwa Kilatini.