Kilebu wa wiki 10 anayeng'ata kila jioni

Pole sana, dada wa Nyalenda, Kisumu, uliyeuliza kwa nini kilebu (mtoto wa mbwa) wako anakung'ata kila jioni. Kilebu wa wiki 10 anayekula ugali na maziwa asubuhi na usiku tu, akikurukia miguu saa kumi na moja jioni, mimi naona ni njaa, si ukali. Tumbo lake ni dogo na mwili unakua mbio. Mpe chakula mara 4 kwa siku hadi afike miezi 3, kisha mara 3 hadi miezi 6.

Ugali mtupu haumjengi. Chakula cha vilebu cha dukani ndicho kamili. Kikikulemea bei, angalau ongezea omena (dagaa). Wangu nilimchemshia bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), nikasaga na ugali laini. Alilamba sufuria akiisukuma hadi ukutani! Maziwa ya ng'ombe punguza, huwaharisha wengi. Na je, umempa dawa ya minyoo? Muulize daktari wa mifugo.

Aking'ata, usimpige wala usikimbie. Simama tuli, mpe kamba atafune. Chakula kije akiwa ametulia, la sivyo atajua kung'ata ndiko kunakoleta sahani.