Maswali ya Wasomaji: Kijiti kilichotembea

SWALI: Ndugu Mhariri, nina shamba dogo la kahawa huku Kalinzi, mkoani Kigoma. Nilipokuwa nikipogoa mibuni nilishika kijiti kikavu ili nikivunje, kikajikunja mkononi. Kumbe ni kiwavi! Alipotembea alikuwa kama mtu anayepima kitambaa kwa shubiri. Je, ni mdudu gani, nami ninyunyizie dawa?
Msomaji, Kalinzi

JIBU: Ndugu msomaji, huyo ni kiwavi wa nondo wa familia ya Geometridae, jina lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya wapima ardhi; waliompa jina hilo waliona kile kile ulichokiona wewe. Viwavi wengi wa nondo huwa na jozi tatu za miguu kifuani na jozi tano za miguu ya nyama nyuma yake, lakini wengi wa familia hii wamebakiwa na jozi mbili tu za miguu ya nyama, zote karibu na mkia. Kwa kuwa katikati hapana mguu wowote, hana budi kushika kwa miguu ya mbele, kuuvuta mkia hadi karibu na kichwa huku mgongo ukiinuka kama upinde, kisha kujinyoosha tena. Miguu hiyo ya nyuma ndiyo humwezesha kusimama wima bila kutikisika, akadhaniwa kijiti.

Kwenye mibuni ya Afrika Mashariki anayefahamika zaidi ni Ascotis selenaria. Jike hutaga katika nyufa za magome. Viwavi wachanga hujining'iniza kwa uzi wa hariri wakapeperushwa na upepo, hula majani, maua na buni changa, kisha huingia udongoni kuwa bundo, yaani hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nondo.

Kuhusu dawa, nakusihi usiharakishe. Nchini Kenya viwavi hawa walifumuka baada ya viuatilifu vikali kuwaua nyigu wadogo waliokuwa wakiwadhibiti. Mmoja mmoja mtoe kwa mkono. Wakizidi, muulize afisa ugani kuhusu dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis, ambayo huua viwavi wanaoila, hasa wakiwa wadogo.

Ukitaka kumhakikisha, mfuge katika chupa yenye udongo na majani ya mbuni. Atatoka nondo wa kijivu, ambaye akitua hutandaza mabawa bapa juu ya gome, badala ya kuyakunja mgongoni kama paa.