Mnaokuja fildi Mji Mkongwe, mjueni Yasmeen Lari

Vijana wa usanifu majengo wanaokuja fildi kwetu, kujifunza kazi kwa vitendo, wakiniuliza wamsome msanifu gani, huwatajia Yasmeen Lari. Wengi hawajapata kumsikia. Ndiye mwanamke wa kwanza Pakistan kuwa msanifu majengo. Alisoma Uingereza, akarudi Karachi mwaka 1964 na kufungua ofisi yake. Majengo makubwa ya zege na vioo alichora sana, kisha mwaka 2000 akastaafu. Mimi namtaja kwa aliyoyafanya baada ya hapo.

Tetemeko la 2005 lilipopiga kaskazini mwa nchi yake, alikwenda kusaidia, akawaonyesha watu namna ya kujenga upya kwa mawe, udongo na mbao za nyumba zao zilizoanguka. Mafuriko ya 2010 yakamkuta anatumia mianzi na udongo uliochanganywa na chokaa. Hapo kwenye chokaa ndipo pa kusoma kwa makini. Udongo mtupu ukilala kwenye maji unayeyuka, kila aliyekandika kiambaza shamba anajua. Ukitiwa chokaa unashikamana.

Kuta zetu za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na zinataka kutoa unyevu nje. Mtu akija na saruji kwa kuwa inakauka upesi, unyevu unafungiwa ndani. Siku yako ya kwanza usifungue kompyuta. Pita ukutani ukigonga lipu kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na ukuta. Ukibandua kipande utakuta chumvi nyeupe, na nyuma yake udongo umekuwa unga. Panda juu, tafuta vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani, vichome kwa bisibisi. Ikizama bila kushindana, boriti imeoza. Na usithubutu kuondoa ukuta wa kati ati upate sebule pana: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba.

Chokaa ina masharti yake. Inarowekwa mapema, ukuta unalowanishwa kwanza, inapigwa tabaka nyembamba moja baada ya nyingine, na jua likiwa kali inafunikwa magunia mabichi. Mkandarasi anayetaka kukabidhi nyumba kabla ya Ramadhani atakununia. Anune.

La pili mtakaloliona kwa Bi Lari ni masikio. Alipokuwa akichora nyumba za Angoori Bagh, Lahore, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alizungumza na wanawake wa mitaa ya mabanda. Walichouliza mwanzo ni wapi watafuga kuku wao. Zile nyumba zikapata baraza za juu, za kuku, mboga na watoto. Hapa kwetu piga hodi, toa shikamoo, kaa barazani, kisha uliza: maji ya kuoshea samaki yanamwagwa wapi? Nazi inakunwa wapi? Wageni wa kike wanaingilia mlango gani? Muulize bibi mwenyewe, na mumewe akimjibia, mshukuru halafu urudie swali kwa bibi.

Nanyi mabinti, mtauliza swali na fundi atamjibu mvulana aliyesimama pembeni yenu. Mambo hayo yapo bado. Shika chokaa mkononi, uliza la pili lililo gumu zaidi: imerowekwa tangu lini, mchanga umetoka wapi, umechujwa? Mafundi wetu wazee wanapenda anayejua kuuliza, na wakishakuona hivyo watakufundisha mambo ambayo chuoni hamkuyagusa.

Mkifika kwenye mradi wa mwisho wa chuo, litazameni jiko la udongo na chokaa alilobuni Bi Lari. Limeinuliwa juu ya jukwaa ili maji ya mafuriko yasilifikie, lina bomba la kutolea moshi, na wanawake wa vijijini hulijenga wenyewe, kisha wakafundisha wenzao kwa malipo kidogo. Mwaka 2018 lilipata Tuzo ya Makazi ya Dunia. Pemba na Unguja bado kuna mama wengi wanaopika kwa kuni juu ya mafiga, macho yakiwatoka machozi. Nileteeni mchoro wa jiko la uani. Michoro ya hoteli za ufukweni nimeshaletewa ya kutosha.