Maswali ya Wasomaji: Mdahalo wa Amani, Polisi na Redio

SWALI: Kikundi chetu cha vijana kinataka kuitisha mdahalo wa hadhara kati ya wakulima na wafugaji. Tumeambiwa tusubiri kibali cha polisi. Barua tuiandikeje? – Msomaji, Uvinza

JIBU: Kichwa cha barua kisomeke "Taarifa ya mkutano wa hadhara", si "Ombi la kibali". Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, inadai taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi msimamizi wa eneo, saa zisizopungua 48 kabla ya mkutano, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Kwa kawaida barua huenda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Saa 48 ni kima cha chini tu; pelekeni wiki moja kabla ili mkitakiwa kurekebisha kitu muda uwepo. Chapeni nakala tatu: ya polisi, ya mtendaji, na ya kwenu, ambayo lazima igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, siku ya siku mtaambiwa barua haikuonekana, na hamtakuwa na la kujibu. Polisi wakizuia mkutano, sheria inaruhusu kukata rufaa kwa Waziri.

Saa ya kuanza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi mkulima yuko shambani, jioni mfugaji anarudisha ng'ombe zizini. Saa nane mchana huwapata wote. Siku ya gulio watu ni wengi kweli, ila nusu yao wameshapitia kilabuni. Tafuteni pia mkalimani wa Kiha na wa Kisukuma, wasiwe ndugu wa mwenye shamba wala wa mwenye mifugo.

Kipaza sauti kishikwe na mwongozaji muda wote, akisogeze mdomoni mwa msemaji. Ukimkabidhi mzee mwenye hasira hakirudi, na wanawake waliokaa nyuma hawatakigusa mpaka jua linazama. Bora mpishane: mkulima mmoja, mfugaji mmoja, dakika tatu tatu, na mwanamke awe kati ya wanne wa kwanza.

Na msitangaze kwamba mgogoro wa mpaka umeamuliwa hapo. Mdahalo hauna mamlaka hayo. Usuluhishi wa ardhi kijijini ni kazi ya baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake. Waalikeni waje kusikiliza.

SWALI: Tulirekodi mdahalo wa Siku ya Amani, 21 Septemba, kwa simu. Kituo cha redio kimekataa kwa sababu ya kelele. Tulikosea wapi? – Msomaji, Kasulu

JIBU: Bila shaka simu ilikuwa mezani. Meza hupokea kila kishindo, na Septemba upepo wa kiangazi haupungui. Simu iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige, na kinasa sauti chake kifunikwe kwa sponji nyembamba. Iwekeni kwenye hali ya ndege: simu yenye mtandao ikiwa karibu na amplifaya huleta ile trrr-trrr ambayo hakuna fundi anayeweza kuifuta.

Jenereta ikae mita 30 au zaidi, nyuma ya jengo. Spika ziwe mbele ya anayeongea, zikiwatazama watu. Zikiwa nyuma yake, kipaza sauti husikia sauti yake chenyewe na kuanza kupiga filimbi. Ikifika Novemba, mvua zikianza, msirekodi chini ya bati.

Rekodini kwa WAV, aina ya faili la sauti isiyobanwa. Sauti ya chaneli moja, biti 16 na kilohezi 48, hula takriban MB 345 kwa saa, basi futeni video za harusi kwanza. Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama faili, maana ujumbe wa sauti hubanwa ukapoteza ubora. Nyamazeni pia nusu dakika mrekodi utulivu wa uwanja. Mhariri wa redio atautumia kuziba maungio.

SWALI: Mama mmoja alisimulia mkutanoni jinsi mashemeji walivyomnyang'anya shamba. Wenzangu wanataka kuirusha kwenye magrupu. Si alishasema hadharani? – Msomaji, Kibondo

JIBU: Alikubali kusikika na watu waliokuwa pale, basi. Mrudieni akiwa peke yake, mumsikilizishe kipande chenyewe, mumweleze kitafika wapi na kwamba hakitarudishika. Akikubali, aseme "ndiyo" kwenye rekodi; tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ridhaa hiyo si hisani tena. Kubadili sauti pekee hakumfichi: kijiji kitamtambua kwa idadi ya watoto na jina la bonde. Toeni hayo, kisha mtu mwingine asome maneno yake.

Mashemeji nao msiwataje kabla ya kuwapa nafasi ya kujibu. Mkiwataja na shamba likaonekana ni lao, atakayeshtakiwa ni aliyerusha.