1907 si mwaka singe yako ilipotengenezwa

SWALI: Babu alitumikia KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, hadi Burma, akatuachia singe. Chini ya ubapa, karibu na mpini, kuna taji, GR, 1907, kisha 5 na 17, na jina Wilkinson. Upande wa pili kuna mshale na X. Dalali wa hapa Kisumu anasema ni ya 1907, ni adimu, na ataing'arisha bure kabla ya kuiuza. Nimpe?

JIBU: Usimpe, ndugu yangu. Hiyo 1907 imewapotosha wengi mno, na madalali wanaishi kwayo. Ni mwaka wa muundo, yaani singe ya bunduki ya Lee-Enfield ya jeshi la Uingereza, na zilizofuliwa baadaye ziligongwa namba hiyohiyo. Tarehe yako ni 5 na 17: Mei 1917. GR, yaani Mfalme George, inathibitisha, kwani George V alianza kutawala 1910. Za mwanzo kabisa zilikuwa na ER ya Edward VII.

Mshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. X inaonyesha ubapa ulijaribiwa kwa kupindwa. Kuhusu uadimu, za 1917 ni nyingi. Wakusanyaji hutafuta za mwanzo, zenye ndoano kwenye kinga ya mkono, ambayo iliachwa 1913. Wala usihuzunike kwamba ni ya vita vya kwanza: silaha hizo zilirudi kazini katika vya pili, hivyo babu angeweza kabisa kuibeba.

Sasa hiyo ofa ya kung'arisha. Hapo ndipo ninapokasirika. Grinda na msasa hula alama ambazo kina chake ni kama cha ukucha, na namba za kikosi, ambazo mara nyingi hugongwa kwenye kitako cha mpini, zikifutika hakuna wa kuzirudisha. Kisu kinachometa kama kijiko kipya hakimvutii mkusanyaji makini. Paka mafuta ya cherehani kwa kitambaa laini, kwenye chuma tu, ala ya ngozi uiache. Piga picha pande zote mbili mwanga ukitoka ubavuni.

Na yeyote anayenunua, iwe singe au kisu cha komando cha Fairbairn-Sykes, asilipie mshale peke yake. Mshale hugongwa kwa patasi na nyundo hata leo, na walaghai wanajua hivyo. Linganisha taji, tarehe, jina la kiwanda na umbo la kinga. Kimoja kikipingana na vingine, weka pesa mfukoni.