Gego la utoto limetoboka: kofia au ling'olewe?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka mitano, gego lake la nyuma kabisa huku chini limetoboka. Kliniki wamesema livishwe kofia ya chuma, ila bibi yake anasema meno ya utoto si yatang'oka tu, ling'olewe tuokoe hela. Na mi naogopa wenzie shule watamcheka. Nifanyeje?
Mama Jay, Tabata

JIBU: Marahaba mama Jay. Bibi angekuwa sahihi kama ni jino la mbele, hayo yanaanza kung'oka kwenye miaka 6 hivi. Ila gego la nyuma kabisa la utoto linakaa mpaka miaka 10 hadi 12, yaani mwanao ana miaka mitano mingine au zaidi ya kulitafunia. Ukiling'oa sasa hivi, lile gego la ukubwani linaloota nyuma yake akifika miaka 6 linasogea mbele linakula nafasi, jino lililotakiwa kuota pale linakosa pa kutokea linaota upande, ndo mnakuja kutafuta waya za kunyoosha meno na bei yake we acha tu.

Kofia yenyewe haina makuu. Ni chuma kisichoshika kutu, zinakuja tayari kwa saizi, dokta anachagua inayomwenea anaigandisha kwa saruji ya meno. Kuna njia inaitwa Hall, ilianzia Uskoti, jino halichongwi na sindano ya ganzi hapigwi, uozo unafungiwa humo humo wadudu wanakosa chakula na kutoboka kunasimama. Siku za kwanza atalalamika meno hayakutani, usihangaike, ndani ya wiki chache yanajipanga. Wakati wake ukifika linang'oka na kofia yake. Kama ana aleji ya nikeli sema mapema, maana imo humo.

Ila kama anaamka usiku analia jino au fizi imetoa kijipu, kufunika tu haitoshi, uozo umeshafika ndani. Hapo ni kutibu kiini cha jino au kweli kung'oa, na mking'oa uliza kuhusu kifaa cha kushikilia nafasi.

Kuchekwa? Huko nyuma nani ataona, labda ajionyeshe mwenyewe, na wengine wanajidai nalo hatari.

Sasa hayo mengine 19 tuyalinde. Ubuyu, barafu za ukwaju, juisi za boksi, vyote viko getini kwa shule, na kinachoua meno zaidi ni kulamba kidogo kidogo kutwa nzima, bora ale mara moja pamoja na chakula. Mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere (wa chini ya miaka 3 punje ya mchele), ateme tu asisukutue, halafu baada ya ule wa usiku akitaka kunywa kitu ni maji peke yake. Na umpigishe wewe mwenyewe mpaka miaka 7 hivi, mtoto akijipigia anapaka povu tu. Lile gego la miaka 6 likichomoza, na linakuja kimya kimya bila jino lolote kung'oka, mrudishe kliniki waangalie kama vile vimifereji vya juu pale linapotafunia vinahitaji kuzibwa mapema.